Neno Nililoliruka Kanisani

Mkumbi, Mbinga
12 Novemba 1995

Dada Ottilia mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Liuli, na afya yako, na kifua cha Shemeji Cuthbert, bado anakohoa asubuhi? Huku hatujambo. Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne, kumbikumbi wametoka na watoto wa jirani wamejaza makopo. Magari ya vyama vingi yamekwisha pita na vipaza sauti vyao, sasa tunasikia tena majogoo. Shemeji yako Isidori anakusalimu, anasema umemsahau kwa dagaa.

Mimi mwenyewe sijambo. Neno hilo, Dada, sasa naliandika taratibu, maana nimejua uzito wake. Kila ninapoamka na kukuta nimeamka, nakaa kwanza kitandani nishangae kidogo, ndipo nitafute kandambili.

Mkono wa kushoto unapanda. Daktari alinifundisha nisimame mbele ya ukuta, nitembeze vidole kwenda juu kama buibui mpaka panapouma, niweke alama. Kila asubuhi baada ya sala naweka alama ya mkaa. Ya kwanza, mwezi wa saba, ilikuwa usawa wa mbavu. Ya leo imepita fremu ya dirisha. Isidori alidhani kuna mtu anatuchafulia ukuta. Nilipomweleza alisogea, akazifuata kwa kidole moja moja hadi juu, akavaa kofia akatoka. Jioni alirudi na mkaa mzuri wa mti wa mtundu, akauweka dirishani.

Lile pengo la kifuani nimelipatia dawa. Siku hizi marobota ya mitumba yanafunguliwa kila soko, nimepata sidiria nzuri ya Wazungu. Upande ule nimetia kimfuko cha ulezi, maana ulezi unalala kama mwili. Nikitembea hakuna anayejua.

Tarehe 22 Oktoba tulikuwa na Misa ya shukrani. Padre Urbani alinipa nafasi nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikasema: nilikuwa na ugonjwa mkubwa, mkanisalia, Mungu ameniponya, nipo mbele yenu. Basi, hayo tu. Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tangu nilipoolewa. Wazee walilia. Sasa watu wanaleta watoto wao niwashike kichwani.

Kadi ya hospitali inasema nirudi Dar mwezi Januari wanipime, tena Julai, na kila mwaka. Nimeifungia ndani ya kitabu cha sala. Sioni haja, Dada. Nimesema mbele ya altare kwamba nimepona. Nikionekana tena napanda basi pale Kitai, watu watasema nini? Na Mungu atasema nini, kwamba nakwenda kuangalia kama alifanya kazi vizuri?

Nasubiri habari zako.

Mdogo wako,
Emerensiana


Liuli
3 Desemba 1995

Mdogo wangu Eme,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako imeletwa na mwalimu aliyetoka semina Mbinga, akakaa nayo siku tatu kwa kuwa alitaka kwanza kula samaki wa mbasa kwangu. Sisi wazima. Cuthbert anakohoa, anasema ni baridi, mimi nasema ni kiko chake. Mihogo imekubali. Jumatatu nkungu walitokea, wale wadudu wa ziwani, unajua wanavyosimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Safari hii nguzo ilikuwa pana, imefika mbinguni, na jua likipita ndani yake. Tuliacha majembe tukatazama tu. Kisha upepo ukawaleta kwetu, tukawasomba kwa vikapu, nimeoka mikate yake. Ningekutumia lakini najua Isidori atasema Wanyasa tunakula mawingu.

Sasa nikuulize kama dada yako. Kanisani ulisema kwamba ulikatwa?

Hukusema. Nakujua. Tangu utoto ulikuwa unaoga mtoni na gauni. Umesimama mbele ya watu mia nne, ukaeleza jinsi ulivyopona, ukaruka kisu, ukaruka mashine ya mionzi, ukaruka wale manesi waliokuosha. Sikulaumu. Hata mimi nisingelitaja titi mbele ya Padre. Lakini umewapa watu hadithi yenye tundu katikati, na tundu watu hulijaza wenyewe.

Nenda Januari. Mimi si daktari, na tangu niolewe na Mwanglikana Mama alikuwa akisema sala zangu zinapita njia ndefu. Ila nasema hivi: Mungu aliyekupeleka Dar mara ya kwanza hatashangaa kukuona huko mara ya pili.

Kuna kitu ndani ya sanduku langu kinanisumbua, nacho kinakuhusu. Leo sitakiandika.

Cuthbert anasalimu. Dagaa kilo mbili anazo huyo mwalimu. Kama zimefika moja na nusu, usishangae.

Ottilia


Mkumbi
4 Februari 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Krismasi ilikuwa njema, tulichinja yule beberu mkorofi. Shemeji Cuthbert nimemwombea, na kiko chake pia. Dagaa walifika moja na robo. Hapa mahindi yako kiunoni, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na migomba mitatu imeangushwa na upepo.

Tarehe ya kadi imepita. Nakuambia mwenyewe kabla hujauliza.

Nina jambo la ajabu la kukusimulia. Wiki mbili zilizopita nilinyeshewa wakati natoka jumuiya, nikalowa hadi mifupa. Nilivua sidiria, kimfuko nikakitundika nyuma ya mlango, nikasahau. Siku ya tano nikakitafuta. Nilipokishika, Dada, kilikuwa cha moto. Kilikuwa na joto kama mtu. Nilikiangusha. Kisha nikakifungua na kukuta ulezi wote umeota, vijimizizi vyeupe vimeshikana, kilikuwa kitu kimoja kinachopumua. Ulezi ule nilikuwa nimeubeba miezi mitano mahali palipokatwa, palipochomwa kwa mashine, na haukufa. Nilipiga magoti pale pale nyuma ya mlango, sikujua niseme sala gani, nikasema tu Baba, Baba.

Isidori aliingia, akaangalia, akasema, "Hicho ni kimea. Kianike tupike togwa."

"Togwa ya hiki utainywa wewe?"

"Nimekunywa mbaya zaidi kwa shangazi yako."

Tulicheka mpaka mshono ukavuta. Kimea nimekifukia kwenye bustani.

Sasa lile ambalo si la kucheka. Kunigunda, jirani yetu wa bondeni, yule mwenye watoto watano, alinijia jikoni Ijumaa. Alifunga mlango, akachukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kulia. Nilikuta kitu kigumu, ukubwa wa tunda la kahawa. Hakimuumi. Akasema, "Mama, nisalie kama walivyokusalia. Sitaki kwenda popote." Nikamwambia aende hospitali ya misheni wamwangalie. Akaniuliza, "Wewe hospitali ilikusaidia nini?"

Ndipo nikajua kinachosemwa kijijini. Wanasema Dar walishindwa, wakanirudisha nife nyumbani, na sala ndizo zilizoniponya. Sijui nani alianza kusema hivyo. Namjua ambaye hakukanusha.

Nikasali naye. Amesema atakuja kila Ijumaa.

Sanduku lako lina nini?

Emerensiana


Liuli
25 Februari 1996

Eme,

Marahaba. Hapa wazima, mvua ni nyingi, barabara ya mlimani inaporomoka, sijui barua hii itafika lini. Habari nyingine zisubiri.

Kimea kile nimekicheka, kisha nikakililia, kisha nikamsomea Cuthbert, akavua miwani. Ni ajabu kweli. Lakini Kunigunda hajaota ulezi. Kinachoota kwake ndicho kilichokuotea wewe, na wewe unajua kilivyokuwa mwezi wake wa kwanza na kilivyokuwa mwezi wake wa nane ulipokubali kusema. Daktari alikuambia nini? Si alikuambia, mama, ungekuja mapema tusingekata titi lote?

Mwambie. Hata kama wewe huendi, yeye aende. Unasali naye na huku nguo yako inamdanganya.

Tena nakuuliza kwa nini huendi. Umeniandikia mambo ya watu, ukaniandikia mambo ya altare. Sidhani ndiyo yote. Uliogopa radi tangu utoto, ukawa unasema huogopi, kichwa tu kinauma.

Sanduku liache.

Ottilia


Mkumbi
14 Aprili 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Barua yako ya Februari nimeipata jana. Ilikaa Mbinga wiki sita kwa sababu barabara ilikatika. Katika wiki hizo sita Kunigunda amekuja kila Ijumaa. Hesabu hiyo inanila.

Kwanza habari za nyumbani, maana zingine zinanitetemesha. Huu ni wakati wa kuchimba ngoro kwa ajili ya maharage. Unakumbuka kazi ile, wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwenye mteremko kama vyumba vya dama, sisi wanawake tunachimba katikati ya kila chumba na kuyafunika majani kwa udongo. Daktari alinikataza jembe zito kwa mkono huu, usije ukavimba, na kubeba ndoo upande ule, na kujikata. Basi Isidori alilaza majani, akanitazama, akachukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe. Mwanaume wa Kimatengo, mchana, juu ya mlima ambapo kila mtu anaona. Mzee Bernadi alisimama njiani akamwita, "Isidori, ukimaliza huko uje na kwangu unisukie nywele." Isidori akamjibu, "Tangulia ukazioshe." Akaendelea. Mimi nilikuwa nyuma yake, natia mbegu kwa mkono wa kulia, nikaona mteremko mzima umejaa mashimo aliyochimba, asubuhi ile yanatoa mvuke. Nilifikiri, huyu hachimbi ili mimi nife.

Kwa hiyo nakuandikia ukweli. Barua hii usimsomee Shemeji.

Tangu mwanzoni mwa Novemba nina kitu kwapani, upande ule ule. Kidogo, kama punje ya ulezi. Kila siku nakigusa kisha najuta kwa nini nimekigusa. Nilikuwa nacho nilipokuambia sioni haja ya kwenda. Si watu, Dada, wala si altare. Naogopa. Nikipanda basi lile na wakasema kimerudi, basi ile Misa, vile vigelegele, wale wazee waliolia, vyote vitakuwa nini? Huku nyumbani nimepona. Dar huenda sijapona. Ndiyo maana nimebaki huku.

Nimeandika. Sasa nimeogopa zaidi, lakini kifua chepesi.

Mdogo wako


Liuli
19 Mei 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, Eme wangu. Mimi mzima, Cuthbert mzima, na barua sikumsomea. Ameiona sura yangu, akatoka akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji. Ziwa limetulia, maji meupe, mawe ya chini yanaonekana.

Umenipa siri yako, nami nikupe yangu. Ni ile ya sandukuni.

Mwaka jana, Februari, Isidori alitutumia telegramu: EME KAPELEKWA DAR HALI MBAYA. Cuthbert alisema tusali. Mimi sikusali. Nilichukua kikapu nikaenda dukani Mbamba Bay, nikanunua kitambaa, marekani nyeupe, yadi sita. Muuzaji aliuliza, "Ya mashuka?" Nikasema ndiyo. Haikuwa ya mashuka. Nilijua ukifa huko utaletwa, na mwezi ule kitambaa kilikuwa kinaadimika, sikutaka mdogo wangu azikwe na khanga kuukuu. Nilikikunja nikakiweka chini kabisa, chini ya kitenge changu cha harusi. Nilikuzika, Eme. Wewe ulikuwa unapanda kitanda cha mashine huko, mimi huku nilikwisha kuzika.

Tangu hapo kila barua yako ikifika namtazama mtu niliyemnunulia sanda akiniandikia habari za beberu. Kitambaa sikuweza kukigusa. Binti yangu Avelina alipojifungua aliomba cha nepi, nikasema kimeliwa na panya. Niliogopa kumvika mtoto. Niliogopa kukitupa. Nilikuwa nakuambia uende Dar kwa ushujaa, na mimi mwenyewe nashindwa kufungua sanduku.

Barua yako ilipofika na ile punje kwapani, nililitoa sanduku uani. Nilikipeleka kitambaa ziwani, nikakifua, nikakitandaza juu ya miamba, jua likakipiga siku nzima. Kisha nikakaa na mkasi. Mkono ulikataa. Nikasema kwa sauti, "Mwenyezi, huyu nilimpa kaburi, wewe ukampa ukuta wa kupanda kwa vidole, sasa niruhusu nirekebishe." Nikakata.

Katika kifurushi hiki utakuta vimfuko kumi na vinne, kila kimoja cha tabaka nne. Ndani ni sufi ya miti yetu, na katikati ya kila kimoja nimetia konzi ya mchanga wa ziwa, nimeuosha mara saba na kuukausha, ili kiwe na uzito bega lisipinde. Hakioti, hata ukinyeshewa Masika nzima. Kimoja ni chako. Vilivyobaki utajua ni vya nani. Sanda haikubaki hata kipande, isipokuwa kile cha pembeni, Cuthbert kasafishia miwani.

Nenda Julai. Ukikuta kimerudi, ulikwisha zikwa mara moja na hukufa, hutashindwa. Na usiende peke yako.

Dada yako


Mkumbi
30 Juni 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Kahawa imeiva, wanunuzi wapya binafsi wamekuja na mizani zao hadi Kitai, wanagombana na chama cha ushirika nani ananunua, sisi tunachuma tu. Mimi nachuma nimevaa soksi kuukuu mkononi kama glovu, nisijikwaruze. Watoto wa njiani wananiita Mama Soksi.

Kifurushi kilipofika nilikifungua peke yangu. Nilikaa na kile kitambaa usoni muda mrefu. Kinanuka jua na ziwa. Dada, sina hasira. Watu wanaopata kuvaa sanda zao wakaenda nazo sokoni ni wangapi?

Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yetu, jumuiya ikaja kusali. Walikuwa watu ishirini na kitu, na Kunigunda amekaa karibu na mlango. Baada ya rozari nilisimama. Mama Beata, mwenyekiti wetu, akasema, "Kaa, Emerensiana, utachoka."

"Nimekaa tangu Oktoba, Mama. Ndiko kulikonichosha."

Niliingiza mkono ndani ya blauzi, mbele ya watu wote, nikakitoa kimfuko nikakiweka mezani karibu na mshumaa. Upande mmoja wa blauzi ukaanguka. Isidori aliinamisha kichwa, kisha akakiinua akanitazama moja kwa moja, na hapo nikapata sauti.

Nikasema, "Kanisani niliruka neno. Nilikatwa titi. Walinikata Dar mwezi wa tatu mwaka jana, kisha wakanilaza chini ya mashine siku ishirini na tano. Haikunigusa, ilivuma tu, na mimi chini yake nikisema Salamu Maria. Hawakushindwa. Mniwie radhi, niliona haya."

Kunigunda akauliza kutoka mlangoni, "Kwa hiyo kilikuwa kisu?"

"Kilikuwa kisu."

"Na sala zetu?"

"Zilikuwepo. Kisu kilinilaza, nikaamka. Kuamka sikujiamsha."

Akaanza kulia, akasema, "Mama, miezi mitano umenishika mkono."

Nilipiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Nilisema, "Nakwenda Dar tarehe kumi. Nami nina kitu kwapani. Twende wote." Aliendelea kulia ndani ya khanga yake.

Aliyetuokoa ni Mama Beata. Alikichukua kile kimfuko mezani, akakipima mkononi kama anayenunua maharage. "Kizito," akasema. "Changu baada ya watoto tisa hakifiki nusu ya hiki." Akampa wa pili, naye akampa wa tatu, kikazunguka nyumba nzima, kila mwanamke akikipima na kutoa hukumu, wanaume wakitazama dari. Kilipofika kwa Kunigunda alikishika kwa mikono miwili. Hakukipitisha. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Vipo vingine?"

Padre Urbani amesikia. Alinitaka nirudie ushuhuda Jumapili, safari hii wote. Nikamwambia, "Padre, kanisani neno lile sitaweza." Akasema, "Sema kifua. Mungu atajaza." Leo kwenye Misa nilisimama, nikasema, na sikuanguka.

Tumeuza kahawa ya kwanza kwa hao wanunuzi wapya kwa ajili ya nauli. Isidori atabaki na watoto watano wa Kunigunda na mbuzi wake. Mzee Bernadi ameapa hatamtania tena mpaka turudi.

Emerensiana


Dar es Salaam
24 Julai 1996

Dada yangu Ottilia,

Shikamoo kutoka mbali. U mzima? Kikohozi cha Shemeji kimepata nafuu? Kuhusu kiko sikuulizi. Hapa kuna joto, na bahari ipo karibu na dirisha. Kunigunda alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hili halina ng'ambo, la kwa dada yako ni bora."

Najua unaruka mistari kutafuta, basi nakuambia. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alikishika kile cha kwapani, akachoma sindano, tukasubiri siku tano. Katika siku hizo sikusali maneno. Nilikuwa nashika kimfuko chako tu. Jana aliniita, akasema ni kovu la ndani, limejikunja lenyewe kwa mkono kufanya kazi. Si ule ugonjwa. Akauliza mkono nimeufanyia nini hata unapanda hivi, nikamweleza habari za mkaa, akaita wanafunzi wake waje waone. Akanitazama akasema, "Mama, tunaonana Julai ijayo." Nilimwambia ndiyo, tunaonana. Amesema nile vizuri, nitembee, nijipime mwenyewe upande uliobaki kila mwezi, na nisikae na jambo. Nikasema hilo la mwisho nimekwisha soma.

Nilitoka nje nikasimama uani. Palikuwa na mwanamke anaanika mashuka ya wadi, na upepo unayajaza. Dada, mashuka meupe matupu, nilisimama kuyatazama kama ulivyosimama kutazama nkungu. Sikujua kama ninastahili kuona hata moja.

Kunigunda amekatwa Jumatatu. Kimekua tangu Februari, siwezi kukuficha, wala yeye hanifichi. Ananitazama wakati mwingine kwa namna ninayoifahamu, nami sikwepi. Daktari anasema kimewahiwa, lakini si mapema kama ingeweza kuwa. Ataingia kwenye mashine. Nimemwambia nitabaki naye mpaka mwisho, na Isidori ameandika kwamba watoto wanakula, na mbuzi wamekula maharage.

Leo alifumbua macho vizuri. Neno la kwanza aliuliza, "Kiko wapi?"

Nikadhani anauliza kile alichokatwa, nikamvutia shuka.

"Kimfuko changu," akasema. "Usije ukakigawa."

Vingine nimekwisha gawa wadini. Yuko mama wa Newala, yuko wa Kigoma, na nesi mmoja amechukua kimoja kwa ajili ya mama yake. Wakiuliza nani kavishona nasema ni dada yangu wa Liuli, na kitambaa ni cha kwangu.

Mkaa hapa wamenikatalia. Nesi kanipa penseli. Mchana huu nilimshika Kunigunda mkono, tukausogeza hadi ukutani, vidole vikapanda kidogo sana, akauma mdomo. Nimemwekea alama ya kwanza, iko chini, karibu na godoro.

Tutakuwa hapa hadi mwisho wa Septemba. Tafadhali nijibu upesi kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha.

Mdogo wako,
Emerensiana